Mwanagenzi akishaingia chumbani, mteja ni wa nani?

Barua ya chuo huja imekunjwa mara mbili ndani ya bahasha ya kaki, na maneno yake hayatofautiani sana chuo hadi chuo. Mwenye barua hii ni mwanafunzi wetu wa stashahada ya ushauri nasaha. Anatakiwa kufanya atachmenti na kutimiza saa kadhaa za kukaa na wateja. Tutashukuru mkimpa nafasi na msaada wowote atakaouhitaji. Chini pana muhuri, sahihi ya mratibu, na nambari ya simu ya ofisi ambayo ikishapita saa kumi na moja jioni haina mtu wa kuipokea. Nimezisoma barua hizi miaka mingi, kwanza nikiwa mshauri wa kawaida, sasa nikiwa msimamizi wa wanagenzi katika kituo kidogo hapa Mombasa, na sikumbuki hata moja iliyomtaja mteja. Utaelezwa mwanafunzi atajifunza nini, mwalimu atakuja lini kumtathmini, fomu ya saa itiwe sahihi na nani. Yule atakayekaa mbele ya mwanafunzi huyo na kuyatoa yaliyomjaa moyoni, hayumo.

Jambo hili lilinikaa kichwani kabla hata sijawa msimamizi. Nilikuwa kituo kingine, ambacho sitakitaja, na ambacho kama vingi vya aina yake kiliendeshwa na wanagenzi kuliko wenyewe walivyopenda kukiri. Asubuhi moja akaingia mama mtu mzima, buibui limejaa vumbi la safari, akamwomba karani wa mapokezi aonane na "daktari wa mwanangu". Mwanawe, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa akija kila wiki. Sasa ilikuwa siku ya tatu hajulikani alipo, na simu yake imezimwa. Karani akatafuta faili. Ndani mlikuwa na jina, nambari ya simu, na mistari michache, wa mwisho ukisema: "Mteja anaendelea vizuri." Mwanagenzi aliyeuandika alikuwa amekwisha maliza saa zake na kwenda zake.

Mkurugenzi akapiga simu chuoni. Mratibu akajibu, kwa adabu zote, kwamba mwanafunzi wakati huo alikuwa chini ya kituo. Mkurugenzi akasema kituo kilitoa chumba tu, mwanafunzi ni wa chuo. Akatafutwa msimamizi wa nje, yule ambaye mwanagenzi alikuwa akimlipa mwenyewe kwa mwezi, naye akasema neno ambalo nimelisikia mara nyingi tangu siku ile: "Mimi namsimamia mwanafunzi. Mteja simjui." Mama wa watu alikuwa amekaa pale kwenye benchi anasikia upande mmoja wa mazungumzo yote hayo. Kijana alionekana kesho yake kwa mjomba wake Mariakani, mzima. Lakini ile duru ya simu, kila mmoja akisema kweli na kila mmoja akimsukuma mteja kwa mwenzake, haikunitoka.

Ukiisoma sheria yetu, kidogo picha inanyooka. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi ya kusajili watu wa kazi hii Kenya. Mwanagenzi bado hajafika huko. Ndiyo maana akaitwa mwanagenzi. Kwa hiyo anapofunga mlango na kukaa na mteja, anakaa kwa dhamana ya mtu mwingine aliyesajiliwa, na huyo mtu sharti awe na jina. Nikisema jina namaanisha jina la mtu mmoja. "Kituo" hakipokei simu saa nne ya usiku, wala "chuo" hakiwezi kuamua kama mteja aende hospitali leo au kesho.

Nilipokabidhiwa wanagenzi katika kituo nilipo sasa, sharti langu la kwanza lilikuwa karatasi moja itakayotiwa sahihi na pande tatu kabla mwanafunzi hajamwona mteja yeyote. Haina lugha ya mawakili. Inasema kwamba mwalimu wa chuo anatathmini masomo, msimamizi wa nje, kama yupo, anamsaidia mwanafunzi kukua katika kazi, na mteja ni wa kituo, chini ya mtu aliyetajwa humo. Uamuzi wowote unaogusa usalama wa mteja ni wa huyo aliyetajwa. Inasema nani anapigiwa kwanza, na asipopokea nani wa pili. Inasema kwamba mwanagenzi haoni mteja ikiwa hakuna mshauri aliyesajiliwa ndani ya jengo.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichonigombanisha na watu. Aprili moja, shule zimefungwa na wateja wapo tele, nilikuwa na semina Kilifi na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Nikafuta vikao vyote vya siku hiyo. Mwanagenzi mmoja, mwanamume wa makamo aliyeacha ualimu ili asomee kazi hii, akanijia amekunja uso. Alibakiwa na saa chache tu za kumaliza, na chuo kilikuwa kimempa tarehe. "Mwalimu, mimi nina watoto watatu na nimekaa na vijana darasani miaka kumi na tano. Siwezi kukaa na mtu saa moja bila wewe?" Kukaa angeweza, na pengine siku ile isingetokea lolote. Nilimwambia simzuii kwa kutomwamini. Ninaangalia ile siku moja ambayo mteja atasema jambo linalotaka uamuzi papo hapo, na yeye hana mamlaka ya kuamua, na mwenye mamlaka yuko ndani ya matatu katikati ya Mtwapa na Kilifi. Hakufurahi. Siku zile hakunisalimu vizuri, na mimi sikumlaumu. Presha ya saa ni kitu kinachowafanya watu wazuri wafikiri vibaya. Vyuo vinazidi, vituo ni vilevile, na mwanafunzi huzunguka mji mzima na bahasha yake akiomba nafasi ambayo mara nyingine ailipie.

Hapa niseme jambo moja la pembeni. Watu wa visa ninavyoeleza nimewachanganya na kuwabadilisha kiasi kwamba wenyewe wakivisoma wasijijue. Kazi yetu hairuhusu vinginevyo.

Kuna Ijumaa moja ambayo huwa naitumia kuwafundisha wanagenzi wapya. Tulikuwa tunakaribia kufunga. Mwanagenzi, binti hodari sana na mwepesi wa kuelewa, aliingia ofisini kwangu na fomu ya PHQ-9 aliyomjazisha mteja. Ni ile fomu ya kupima sonona, yenye maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu, na mengine. Kila swali lina alama kuanzia sifuri, yaani hata kidogo, mpaka tatu, yaani karibu kila siku. Zikijumlishwa zote haziwezi kupita 27. Yeye alikuwa amejumlisha vizuri, akapata 11, na pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu: wastani. "Nimempa miadi ya wiki ijayo, mwalimu," akasema, tayari mkoba begani.

Mimi fomu hiyo naisoma kuanzia chini. Swali la tisa ndilo linalouliza kama mtu amekuwa akiwaza kwamba afadhali angekufa, au akiwaza kujidhuru. Mteja alikuwa ametia alama kwenye mbili: zaidi ya nusu ya siku hizo. Jumla ya 11 ilikuwa imelifunika jibu hilo. Nilimwuliza, "Yuko wapi?" Akasema ndio kwanza ameshuka ngazi. Tukampigia mlinzi wa getini, naye akamkuta nje anangojea tuktuk.

Aliporudi, nilimwambia binti: wewe ndiye anayekujua, utaingia nami na utaanza wewe kuzungumza. Maswali magumu nitauliza mimi. Wanagenzi wengi huogopa kuuliza moja kwa moja, wakidhani kulitaja ndiko kulileta, na huzunguka na maneno kama "mawazo mabaya" mpaka mteja mwenyewe hajui anaulizwa nini. Nilimwuliza yule bwana kama amekuwa akifikiria kujiua. Akanyamaza kidogo, kisha akajibu kama mtu aliyesubiri muda mrefu aulizwe. Alikuwa karani wa ghala, kazi imekwisha, na alikuwa amekopa katika programu za mikopo za simu, hii akiilipa ile, mpaka wadai wakaanza kuwapigia watu walio kwenye simu yake, mkwewe akiwamo. Nikauliza kama ameshapanga namna, kama kile anachokifikiria kipo nyumbani, nani anaishi naye, nani akimwita atakuja. Alimtaja nduguye. Nduguye akaja na pikipiki kutoka Changamwe kabla ya magharibi. Tulikubaliana, mbele ya mteja na kwa idhini yake, kipi kiondolewe nyumbani usiku ule, nani alale naye, na kwamba asubuhi waende hospitali ya Port Reitz, penye kitengo cha afya ya akili. Barua ya rufaa niliiandika mimi, kwa jina langu na nambari yangu ya usajili.

Wakishatoka, binti aliniuliza kama ampe mteja nambari yake binafsi, ili usiku akizidiwa ampigie. Moyo mzuri kabisa. Nilikataa. Mteja alikuwa na nambari ya zamu ya kituo, ambayo usiku ule ilikuwa mkononi mwangu, na nduguye alikuwa nayo pia. Mwanagenzi aliyelala simu ikiita saa nane za usiku, akaja kuiona alfajiri, atabeba kitu ambacho hakupaswa kukibeba. Na hata angeipokea, angefanya nini zaidi ya kunipigia mimi? Nilimwambia alale. Jumatatu tuliketi naye muda mrefu juu ya fomu ile, na kubwa nililotaka alione ni kwamba aliileta. Angeitia ndani ya faili na kufunga kabati, ningeiona Alhamisi, siku yetu ya usimamizi. Tangu hapo utaratibu wetu ni kwamba mteja akijaza fomu hiyo hatoki chumbani mpaka swali la tisa limesomwa na mtu wa pili. Ni jambo la dakika moja.

Katika habari hiyo ya kujiua, kwa miaka mingi kulikuwa na kikwazo kingine ambacho hakikuwa cha mwanagenzi wala cha msimamizi. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa, na adhabu yake ilifika miaka miwili jela. Matokeo yake niliyaona kwenye mafaili. Mwanagenzi anamhurumia mteja, au anaogopa kuitwa kituo cha polisi, basi anaandika "mteja ana huzuni nyingi" mahali ambapo mteja alisema wazi kwamba mwezi uliopita alijaribu kujiua. Anayefuata kulisoma faili hilo anasoma huzuni. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Nililisherehekea hilo kimyakimya ofisini, lakini mazoea ya kalamu hayafutwi na hukumu. Mpaka leo nakutana na sentensi laini zilizoandikwa na mtu mwenye hofu ngumu, na nazirudisha ziandikwe upya kama mteja alivyosema.

Usiri ndio unaowasumbua zaidi, kwa sababu darasani wamefundishwa kwamba ndio nguzo ya kazi, nao wameshika nguzo bila kutazama paa. Msichana wa kidato cha pili aliletwa na mwalimu wake kwa sababu alama zimeshuka na darasani halali wala haamki. Mwanagenzi aliyempokea alikuwa ameanza, kikao cha kwanza, kwa maneno haya: "Chochote utakachoniambia hapa hakitoki nje ya mlango huu." Kikao cha tatu msichana akasema. Amenajisiwa na mtu wa nyumbani, na ilikuwa juzi tu.

Mwanagenzi alikuja akasimama mlangoni pangu, haingii wala harudi. "Nilimwahidi," akasema. Nilikuwa nahesabu saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi baada ya tukio kama hilo zinapaswa kuanzwa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo bora. Mtoto aliye chini ya miaka 18 hawezi kuachiwa siri kama hiyo aitunze peke yake, na sheria zetu ziko wazi kwamba analindwa. Hapakuwa na la kujadili kuhusu kama tutasema. Palikuwa na mengi ya kujadili kuhusu tutasema vipi, kwa nani kwanza, na msichana mwenyewe apewe nafasi gani katika hayo.

Tuliingia pamoja. Nilimweleza kwamba yaliyompata si kosa lake, kwamba kuna dawa ambayo haingoji, na kwamba kuna watu itabidi waambiwe. Kisha nikamwuliza ni nani angependa awe wa kwanza kujua. Akachagua mama mdogo wake. Akachagua pia kwamba mwalimu wa shule asiingie. Hospitali ilikuwa kwanza. Polisi na fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, zikafuata baadaye, akiwa ameshaonwa na daktari na ameshika mkono wa mama mdogo. Lakini kabla ya yote hayo alimgeukia mwanagenzi na kumwambia, "Ulisema hutasema." Mwanagenzi alishindwa kujibu. Nilijibu mimi: "Uamuzi huu ni wangu. Yeye hana ruhusa ya kunificha jambo kama hili, na alifanya vyema kuniletea. Hasira nielekeze mimi."

Hakunielekeza mimi. Alimalizia ushauri wake na mwenzangu mwingine, na yule mwanagenzi hakumtaka tena. Siwezi kusema lilikuwa jambo zuri, ila naweza kusema mwanagenzi hakuachwa alibebe peke yake kama uamuzi wake. Siku hizi maneno ya ufunguzi yamebadilika na kila mwanagenzi anayasema mbele yangu mpaka yamkae mdomoni: mimi ni mwanafunzi, nasimamiwa na Bi fulani, ofisi yake ni ile pale; tutakayozungumza ni siri, ila nazungumza naye kuhusu kazi yangu, na kama maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au mtoto anaumizwa, hatutanyamaza.

"Mimi ni mwanafunzi" ndilo neno wasilopenda kulisema. Wanaona mteja atasimama aondoke. Wengine hujiita "mshauri" tu na kuacha hewani. Ridhaa ya mtu asiyejua anaonwa na nani si ridhaa, na mimi hapo sina simile. Na wateja hawakimbii kama wanavyodhaniwa. Mzee mmoja dereva wa malori ya Malaba, aliyeletwa na mkewe kwa sababu ya hasira, aliambiwa na mwanagenzi kijana huku sauti inamtetemeka kwamba yeye bado anasoma. Mzee akamtazama. "Na mimi nilikuwa utingo kabla sijapewa usukani, mwanangu. Ila dereva alikuwa pembeni yangu. Wako yuko wapi?" Kijana akanyoosha kidole ukutani, upande wa ofisi yangu. Mzee akasema haya, tuanze.

Kuwachagulia wateja nako ni sehemu ya dhamana, na hapa wasimamizi wengi huteleza kwa sababu ya uvivu: mteja anayefuata kwenye foleni anapewa mwanagenzi aliye huru. Kwetu kila mteja mpya anaonwa kwanza na aliyesajiliwa. Anayesikia sauti, anayetoka wodini juzi, mwenye kesi mahakamani na mwenzi wake, hao hawaendi kwa mwanafunzi wa muhula wa kwanza. Huku pwani wanagenzi wana hamu kubwa na wateja wa dawa za kulevya, kwani karibu kila mmoja ana ndugu au jirani aliyeathirika. Tunawapa, ila mteja aliye kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ana kliniki inayomshikilia, na kipimo cha dawa si mazungumzo yetu. Kuna aliyemshawishi mwanagenzi apige simu kliniki kuomba aongezewe. Bahati mwanagenzi aliuliza kwanza.

Siyo wote wanaouliza. Mwanagenzi anayeniogopesha ni yule ambaye kila Alhamisi anakuja na daftari safi na kusema wote wanaendelea vizuri. Anayelia, anayelalamika kwamba mteja fulani anamchosha, anayeniambia alisema jambo la kipuuzi akatamani ardhi ipasuke, huyo najua wateja wake wako wapi. Ukimya una sababu yake, na sababu hiyo ni mimi: kalamu inayotia sahihi fomu ya saa ni yangu, na taarifa inayokwenda chuoni naiandika mimi. Nani atamkimbilia hakimu wake na kosa mkononi? Tulijaribu kutenganisha, mwenzangu akatathmini na mimi nikashika wateja, na palipokuwa na watu wa kutosha ilisaidia. Palipopungukiwa tulirudi mtu mmoja kwa yote. Basi nikawa nafanya mambo mawili: nachomoa faili moja kila wiki bila kumwambia ni lipi, nalisoma neno kwa neno, na kwa idhini ya mteja nakaa kwenye pembe ya chumba mara moja moja. Mara ya kwanza mwanagenzi huongea kama mtangazaji wa redio. Mara ya tatu ananisahau.

Mafaili yenyewe hayatoki nje ya jengo. Chuo kinadai ripoti ya mteja mmoja, na wanafunzi hupiga picha kurasa kwa simu ili wakaandike nyumbani. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na mteja aliyetoa ridhaa ya ushauri hakutoa ridhaa ya kusomwa na darasa zima. Ripoti inaandikwa kituoni, mteja amekubali, jina na mtaa na kazi vimebadilishwa, nami naisoma kabla haijatoka. Kuna mwanafunzi aliyeniona mkali kupita kiasi kwa ajili ya hilo. Ni sawa.

Mwisho wa atachmenti ndipo yule kijana wa Mariakani alipopotelea, kwa hiyo hapo ndipo ninapokuwa mgumu zaidi. Mwezi mmoja kabla, mwanagenzi anawaambia wateja wake tarehe atakayoondoka. Kila mteja ana kikao cha watu watatu: yeye, anayeondoka na anayempokea. Asiyetaka kuendelea anaandikiwa kwamba hakutaka, na ninampigia mwenyewe baada ya muda kumjulia hali. Fomu ya saa haitiwi sahihi mpaka nimekabidhiwa faili la mwisho, na faili lisiseme "anaendelea vizuri". Liseme anafanya nini, anaogopa nini, nani aitwe mambo yakiharibika.

Gharama yake ipo. Saa ninazokaa na wanagenzi ni saa ambazo sina wateja, na ada wanayolipa haifidii nusu yake. Wajumbe wa bodi ya kituo waliwahi kuniuliza kwa nini tusichukue wanafunzi wengi zaidi kama wenzetu, na niliwajibu kwa hesabu ya vyumba na wasajiliwa tulionao: mmoja hawezi kushika dhamana ya wateja wa wanagenzi zaidi ya wachache, hata awe hodari namna gani. Vyuo vingi sasa vinaitia sahihi ile karatasi bila shida, na mratibu mmoja ameiomba aipeleke vituo vingine. Chuo kimoja bado kinakikataa kipengele kinachomtaka mratibu atoe nambari ya simu inayopokelewa usiku. Wanafunzi wake wanaendelea kuja na bahasha zao, na mimi naendelea kuwarudisha na karatasi ileile wakaipeleke kwa mratibu.